Shaba na alumini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu umeme wote unaofika majumbani na viwandani umepita kwenye mojawapo ya metali hizi mbili. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudi kila mara kutoka kwa wanafunzi wa kemia, mafundi umeme, na watu wanaotaka tu kujua sufuria ipi inafaa. Baadhi ya majibu ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni jepesi. Yanayohusu viungo vya nyaya yamerefuka makusudi, kwani hapo ndipo nyumba zinapoungua.

Tofauti kubwa kati ya shaba na alumini ni ipi?

Uzito. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, ya alumini ina gramu 2.70. Maana yake, vipande viwili vyenye ukubwa uleule vikikaa mezani, cha shaba kitakuwa kizito zaidi ya mara tatu. Shaba hupitisha umeme na joto vizuri zaidi ukilinganisha ukubwa kwa ukubwa, lakini ukilinganisha kilo kwa kilo, alumini inaongoza kwa umeme. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize kazi yako inabanwa na nini: nafasi au uzito? Ukishalijibu hilo, mengi yaliyobaki yatajipanga yenyewe.

Kwa nini zina tabia tofauti hivyo, ilhali zote ni metali?

Alumini ni elementi namba 13. Ina elektroni tatu katika ganda la nje, na huzitoa zote tatu kwa urahisi mkubwa, hasa kwa oksijeni. Ndiyo maana kwenye michanganyiko yake karibu yote hubeba chaji ya +3, na chumvi zake nyingi ni nyeupe au hazina rangi.

Shaba ni namba 29, na inakaa safu moja na fedha na dhahabu. Haina haraka ya kuachia elektroni. Ikiziachia, huwa moja au mbili, na ile ya +2 ndiyo inayotoa rangi ya buluu unayoiona kwenye salfeti ya shaba. Tofauti hii ya hulka hupimwa kwa volti: katika kipimo cha kawaida cha wanakemia, shaba iko kwenye +0.34 na alumini kwenye −1.66. Pengo hilo ni kubwa, na litajitokeza tena hapa chini.

Ukitia shaba kwenye asidi ya hidrokloriki isiyo kali, hakuna kinachotokea. Ukitia alumini, baada ya muda mfupi mapovu ya hidrojeni huanza kutoka. Shaba inahitaji asidi yenye nguvu ya kuoksidisha, kama ya nitriki, na hapo hutoka moshi wa rangi ya kahawia ambao ni sumu. Alumini nayo ina udhaifu ambao shaba haina: huliwa na besi kali, yaani kemikali zilizo kinyume cha asidi. Usisafishe chombo cha alumini kwa kostiki soda. Kitatoa hidrojeni, kitapata joto, na kinaweza kutoboka.

Ipi inapitisha umeme vizuri zaidi?

Kwa ukubwa uleule wa waya, shaba. Kati ya metali zote, ya kwanza ni fedha, ya pili shaba, ya tatu dhahabu, ya nne alumini. Waya wa shaba wenye urefu wa kilomita moja na eneo la mkato la milimita moja ya mraba una ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, wa takriban omu 17; wa alumini una omu 26.5 hivi. Kwa lugha ya mafundi, alumini inafikia asilimia 61 ya shaba.

Sasa fanya hesabu kwa upande wa pili. Chukua mita 100 za waya wa shaba wa milimita 10 za mraba: shaba iliyomo ina uzito wa kilo 8.96. Ili upate ukinzani uleule kwa alumini, unahitaji waya mnene zaidi, wa milimita 16 za mraba. Mita 100 za waya huo zina kilo 4.3 tu. Waya umenenepa, lakini uzito umepungua kwa nusu.

Hesabu hiyo moja inaeleza mgawanyo wa kazi unaouona duniani kote. Nyaya za msongo mkubwa zinazoning'inia kati ya minara ni za alumini, mara nyingi zikiwa na kiini cha chuma kilichopakwa zinki ili zisikatike kwa uzito wa nyaya zenyewe. Huko juu nafasi si tatizo. Kila kilo inayopungua ni mnara mwepesi zaidi. Ndani ya mota hali ni kinyume. Koili zinabanana kwenye mianya midogo ya chuma, na kila milimita ina thamani, kwa hiyo shaba hutawala. Transfoma ziko za aina zote mbili. Ile ya koili za alumini huwa kubwa kidogo kwa uwezo uleule, na ikitengenezwa vizuri haina ubaya wowote.

Mbona nyaya za alumini zina sifa mbaya majumbani?

Sifa hiyo ilianzia Marekani. Kati ya 1965 na 1973 hivi, bei ya shaba ilipopanda, nyumba nyingi zilifungwa nyaya nyembamba za alumini hadi kwenye soketi na swichi. Miaka michache baadaye viungo vilianza kupata moto kupita kiasi, na baadhi ya nyumba ziliungua.

Watu wengi huamini waya wenyewe ndio uliokuwa mbovu. Katikati ya waya hapakuwa na tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa pale unapobanwa na skrubu, na sababu zake zinakuja kwa mfuatano. Kwanza, uso wa alumini hujifunika utando wa oksidi mara tu unapogusa hewa, na oksidi hiyo haipitishi umeme. Pili, alumini hutanuka kwa joto kuliko shaba: kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi hutanuka sehemu 23 kwa milioni, wakati shaba hutanuka 17, hivyo kila mzigo wa umeme unapowashwa na kuzimwa, waya husukumana na skrubu iliyoubana. Tatu, alumini laini ikikaa chini ya mgandamizo hujisogeza polepole na kuupisha mgandamizo huo. Skrubu haijazunguka hata kidogo, lakini waya umelegea chini yake.

Baada ya hapo mambo hujizidisha yenyewe. Kiungo kilicholegea kina ukinzani mkubwa, ukinzani huleta joto, joto huleta mtanuko na oksidi zaidi, na kiungo kinazidi kulegea. Ukifungua soketi iliyofikia hatua hiyo utaona plastiki ya waya imegeuka kahawia na kukakamaa kwa sentimita moja au mbili kutoka kwenye skrubu, huku sehemu iliyobaki ikiwa nzuri kama mpya. Dalili za nje ni kifuniko cha soketi chenye joto, taa zinazopepesa, au harufu ya plastiki inayoungua. Ukiziona, zima umeme wa mkondo huo na umwite fundi. Usisubiri kesho.

Aloi za alumini, yaani alumini iliyochanganywa na elementi nyingine, zinazotumika sasa kwa nyaya za majengo zimeongezwa chuma kidogo na elementi nyingine ili zisijisogeze chini ya mgandamizo kama zile za zamani. Kwa nyaya nene zinazoleta umeme kwenye jengo, alumini ni chaguo sahihi kabisa, ilimradi vibano viwe vimeidhinishwa kwa alumini, ncha zisuguliwe na kupakwa grisi maalumu ya kuzuia oksidi, na skrubu zikazwe kwa kipimo alichotoa mtengenezaji. Kukaza kwa kukadiria mkononi hakutoshi.

Naweza kusokota waya wa shaba na wa alumini pamoja?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalotamani kila anayeshika bisibisi aliepuke.

Kumbuka lile pengo la volti. Metali mbili zilizo mbali hivyo zikigusana, na unyevu wenye chumvi kidogo ukaingia kati yake, zimekuwa betri. Katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Utakuta unga mweupe umejaa kwenye kiungo, na waya wa alumini umeliwa hadi kubaki uzi, huku wa shaba ukiwa haujaguswa. Tumia kiunganishi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo: kile chenye upande wa alumini na upande wa shaba vilivyounganishwa kiwandani, au kilichopakwa bati na chenye vyumba viwili vilivyotengana.

Kanuni hiyohiyo inahusu mabomba, mapaa na mashine. Usiruhusu maji ya mvua yanayotoka kwenye paa la shaba yatiririkie mfereji wa alumini, kwa sababu hubeba chembechembe za shaba na kuchimba vishimo kwenye alumini hata kama metali zenyewe hazigusani. Ukubwa wa vipande nao una uzito wake. Ribiti ndogo ya alumini kwenye bamba kubwa la shaba itaisha haraka, kwani shambulio lote linaangukia sehemu ndogo. Ribiti ya shaba kwenye bamba kubwa la alumini huleta madhara yanayosambaa na kwenda taratibu zaidi. Hata hivyo, hiyo ya pili nayo isiwe desturi yako.

Mfano mashuhuri wa jambo hili unahusu shaba na chuma. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ina ngozi ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 iliyoshikiliwa na mifupa ya chuma. Wajenzi walijua hatari, wakaweka kizuizi kati ya metali hizo mbili. Kizuizi kilipochakaa chuma kililiwa vibaya, na katika ukarabati wa miaka ya 1980 vyuma hivyo vililazimika kubadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu.

Je, ni kweli alumini haishiki kutu?

Kutu nyekundu ni ya chuma peke yake, kwa hiyo wala shaba wala alumini hazina kutu ya namna hiyo. Zote mbili lakini huingiliana na hewa.

Ukikwangua alumini kwa kisu utaona mng'ao wa fedha, na kabla hujaweka kisu chini, utando mpya umeshaanza kuota. Unene wake ni nanomita chache tu, jicho haliwezi kuuona, lakini ni mgumu, umeshikamana na metali, na hujitibu ukikwaruzwa. Metali yenye pupa ya oksijeni kiasi hicho ingepaswa kuoza upesi kuliko chuma. Inalindwa na pupa hiyohiyo. Viwandani utando huu hunenepeshwa kwa umeme hadi kufikia maelfu ya nanomita, na unaweza kutiwa rangi. Fremu nyingi za madirisha na maganda ya kompyuta za mkononi zimepitia hatua hiyo.

Utando huo hudumu katika mazingira yasiyo na asidi wala besi kali. Saruji mbichi ni besi, hivyo alumini isizikwe ndani yake bila kupakwa kinga. Zebaki ni adui mwingine: tone dogo likipata mkwaruzo wa kuingilia, huuzuia utando usijijenge upya, na alumini huanza kuota manyoya meupe ya oksidi mbele ya macho yako. Ndiyo sababu zebaki inadhibitiwa vikali kwenye ndege.

Shaba huenda polepole. Hugeuka kahawia, kisha kahawia iliyokolea, na baada ya miaka mingi nje hupata rangi ya kijani ambayo ni mchanganyiko wa salfeti, kaboneti, na kloridi ikiwa karibu na bahari. Sanamu ya Uhuru ilikuwa na rangi ya shaba mpya ilipozinduliwa. Kufikia 1920 hivi ilikuwa kijani mwili mzima. Kijani hicho ni kinga, na kukisugua ili shaba ing'ae ni kuipunguza metali bila faida.

Sufuria ya shaba au ya alumini?

Shaba hupitisha joto kwa takriban wati 400 kwa mita kwa kila digrii, alumini 237, na chuma kisichoshika kutu takriban 15. Kwa hiyo zote mbili husambaza moto vizuri, na tofauti kati yao jikoni ni ndogo kuliko inavyosemwa. Sufuria nene ya alumini hufanya kazi nzuri mno kwa uzito mdogo.

La muhimu zaidi ni kile kinachogusa chakula. Vitu vyenye uchachu kama nyanya, ndimu na siki huyeyusha kiasi cha metali zote mbili. Sufuria za shaba hupakwa bati au chuma kisichoshika kutu kwa ndani. Bati likiisha na shaba kuonekana, acha kuipikia vitu vichachu hadi ipakwe upya. Na kwa kuwa bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, usiiache motoni ikiwa tupu. Sufuria ya alumini isiyo na kinga isitumike kuhifadhi mchuzi mchachu usiku kucha.

Zinadhuru mwili?

Mwili unahitaji shaba, kidogo sana: takriban miligramu 0.9 kwa siku kwa mtu mzima, na chakula cha kawaida hutosha. Ikizidi inakuwa sumu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita ya maji ya kunywa. Watu wenye ugonjwa wa kurithi wa Wilson hawawezi kuitoa shaba mwilini, hivyo hupaswa kufuata ushauri wa daktari.

Alumini haina kazi yoyote inayojulikana mwilini. Figo zenye afya huitoa, ila wagonjwa wa figo wanapaswa kuwa waangalifu. Kikomo cha kimataifa kilichowekwa mwaka 2011 ni miligramu 2 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kuhusu hofu kwamba sufuria za alumini huleta ugonjwa wa Alzheimer, utafiti haujathibitisha uhusiano huo.

Ni kweli shaba inaua vijidudu?

Ndiyo. Bakteria wakikaa juu ya shaba tupu, chembe za shaba huharibu ngozi yao ya nje na kuwaua. Mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, iliandikisha aloi za shaba kama nyuso zinazoua bakteria, ndiyo maana baadhi ya hospitali hufunga vitasa vya shaba. Alumini haina uwezo huo. Vitasa hivyo bado vinahitaji kusafishwa kama kawaida, na rangi au vanishi juu yake huondoa faida yote.

Ipi ni imara zaidi?

Zikiwa safi, zote ni laini na hupindika kwa mkono zikiwa nyembamba. Nguvu huja kwenye aloi. Shaba na bati hutoa bronzi, aloi iliyotumiwa tangu zamani kutengeneza silaha na kengele. Shaba na zinki hutoa aloi ile ya manjano ya mabomba na ala za muziki.

Hadithi ya alumini ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu shaba imo ndani yake. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alichanganya alumini na takriban asilimia 4 ya shaba pamoja na magnesiamu kidogo, akaipasha moto, kisha akaipoza ghafla majini. Haikuwa ngumu kama alivyotarajia. Siku kadhaa baadaye ilipopimwa tena, ilikuwa imekuwa ngumu yenyewe, imekaa tu. Atomi za shaba zilikuwa zimejikusanya polepole katika vifungu vidogo mno ndani ya alumini, na vifungu hivyo vikazuia tabaka za metali zisiteleze. Aloi hiyo, duralumini, ndiyo iliyofungua njia ya ndege za metali. Hata injini ya ndege ya akina Wright ya mwaka 1903 ilikuwa na bloku ya alumini yenye takriban asilimia 8 ya shaba.

Ipi ni rahisi kuyeyusha na kuchomelea?

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, shaba kwenye 1,085. Kwa kuyeyusha, alumini ni rahisi. Kwa kuchomelea, inachosha. Utando wake wa oksidi huyeyuka kwenye nyuzi 2,072, hivyo ndani metali imeshakuwa maji huku nje ganda bado limesimama. Isitoshe, haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma. Fundi asiyeizoea hungoja rangi, kisha kipande kizima kinadondoka. Sugua kiungo kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa metali nyingine, kisha uchomelee mara moja.

Shaba ina tabu yake: joto hukimbia kutoka kwenye kiungo upesi kuliko unavyolileta, kwa hiyo bomba nene linahitaji kupashwa moto kwanza.

Onyo kwa wanaoyeyusha vyuma chakavu: kipande chenye maji, au kopo lililofungwa, likitumbukizwa kwenye alumini iliyoyeyuka linaweza kulipuka na kurusha metali ya moto usoni. Kausha kila kitu kabla.

Sumaku inazinasa?

Hapana, zote mbili. Lakini dondosha sumaku yenye nguvu ndani ya bomba nene la shaba, nayo itateremka taratibu kana kwamba imeingia kwenye asali. Sumaku inayosogea huzalisha umeme kwenye kuta za bomba, na umeme huo hutengeneza nguvu ya sumaku inayoipinga. Kwenye alumini hushuka haraka kidogo zaidi. Viwanda vya kuchambua taka hutumia kanuni hiyo kurusha makopo ya alumini nje ya mkanda.

Alumini imejaa ardhini. Mbona ilichelewa kutumika?

Alumini ni takriban asilimia 8 ya uzito wa gamba la dunia, ikitanguliwa na oksijeni na silikoni tu. Shaba ni chini ya asilimia moja ya asilimia moja. Hata hivyo watu wamefua shaba kwa zaidi ya miaka 9,000, kwa kuwa baadhi yake huokotwa ikiwa metali tayari, na iliyobaki hutolewa kwenye mawe kwa moto wa makaa. Alumini haiachani na oksijeni kwa makaa. Hans Christian Ørsted wa Denmark aliipata kwa mara ya kwanza mwaka 1825, na kwa miongo kadhaa ilibaki kitu cha anasa. Mwaka 1884 Wamarekani walifunika ncha ya Mnara wa Washington kwa kipande cha alumini chenye uzito usiofika kilo 3.

Miaka miwili baadaye, Charles Hall huko Ohio na Paul Héroult huko Ufaransa, wote wakiwa vijana waliozaliwa 1863, kila mmoja peke yake aligundua kwamba oksidi ya alumini huyeyuka ndani ya madini ya moto yaitwayo kriolaiti, na kwamba umeme ukipitishwa humo huitenganisha. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Inakula umeme mwingi, takriban kilowati-saa 13 hadi 15 kwa kilo moja. Kuyeyusha tena alumini chakavu huhitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati hiyo, kwa hiyo kutupa kopo ni hasara ya wazi.

Nitajuaje kama waya niliouziwa ni wa shaba kweli?

Siku hizi kuna nyaya za alumini zilizopakwa ngozi nyembamba ya shaba, na kwa nje hazitofautiki. Zina matumizi halali, lakini kwenye nyaya za mtandao wa kompyuta, ambazo viwango vinataka ziwe za shaba tupu, huleta mawimbi hafifu, na zikibeba umeme wa kuwasha kamera hupata joto.

Menya ncha, kisha kwangua waya mmoja kwa kisu kikali hadi ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Pima pia uzito: boksi la waya wa shaba ni zito dhahiri kuliko lingine la urefu uleule. Ukiupinda huku na huku, ule wa alumini hukatika mapema. Usiukatae waya kwa sababu tu ni mweupe kwa nje. Ukikwangua ukakuta wekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na inafaa hata mahali penye unyevu.